Sura ya Sita: Uso wa Kuazima

Kuna kesi za kutafutwa kwa tochi mchana kweupe, na kuna kesi zinazokuja zenyewe mlangoni, zikapiga hodi, zikavua na viatu. Hii ya mfagiaji wa barabara ilikuja yenyewe. Ndiyo maana Inspekta hakuipenda.

Jumatatu alfajiri, mama wa watoto watatu aliyekuwa akifagia barabara ya viwandani aligongwa na gari la bluu, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Dereva alishuka, akamtazama, akapanda tena, akaenda zake. Jumanne jioni kijana mmoja seremala aliingia kituoni kwa miguu yake, akaweka funguo juu ya meza, akasema, "Ni mimi." Nyuma ya karakana yake likakutwa gari la michezo la Kijapani, la bluu, milango miwili, boneti imebonyea, taa ya kushoto haipo, bampa limepasuka na damu imekaukia ndani ya ufa. Mkuu wa kituo alisema hajawahi kuona jalada linalojijaza lenyewe namna ile.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Saa sita mchana Seremala alikuwa apandishwe kizimbani, na akishakiri mbele ya hakimu, hakuna atakayemsikiliza tena anayesema vingine. Saa tatu kasoro, Inspekta alikuwa bado amechuchumaa mbele ya lile gari katika gereji ya polisi. Askari walimwita Kobe kisogoni. Yeye alijua, wala hakuona tusi. Kobe hufika.

"Afande, utaota mizizi hapo," alisema Bi Spana.

Bi Spana ndiye aliyekuwa fundi wa gereji ile, mwanamke wa makamo, mikono imeiva oili mpaka kwenye kiwiko. Ovaroli yake ilikuwa na mifuko sita na kila mfuko ulikuwa na chuma chake.

"Nifundishe," Inspekta alisema. "Mimi gari najua mlango na kiti."

"Na kiti chenyewe ni cha abiria."

"Sawa, nimekubali. Nifundishe."

Bi Spana akafungua boneti, akaegemeza fimbo yake. "Gari la aina hii, umbo moja, lina watoto wawili wa tumbo moja. Mmoja ana turbo, mwingine hana. Huyu hapa hana. Injini yake inavuta pumzi kwa mapafu yake yenyewe. Ukikanyaga mafuta, inaitika hapo hapo, kama mtoto mwenye adabu. Haiitiki kwa kishindo, lakini haichelewi."

"Na mwenye turbo?"

"Yule anapuliziwa. Moshi wake mwenyewe, badala ya kwenda bure kwenye ekzosi, unazungusha feni, na feni inasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini. Ukikanyaga, kwanza kimya. Unadhani hajakusikia. Halafu anakuja kama mtu aliyetukaniwa mama yake, anakubandika mgongo kwenye kiti. Kuna mluzi, unapanda, unapanda. Ukiachia mafuta, ile hewa iliyobanwa inatoka puu! Kama chafya."

Inspekta alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama kwenye neno chafya. Akalizungushia duara.

"Huyu seremala hangeweza kujifungia turbo mwenyewe? Vijana hawa hufungua kila kitu."

"Kufunga angeweza. Kuishi nayo ndiyo kazi. Injini isiyo na turbo hubana hewa sana ndani yake, imezaliwa hivyo. Ukija na turbo ukaiongezea nyingine juu ya hiyo bila kubadilisha pistoni, siku mbili tatu inapasuka. Kisha tazama mwenyewe: mabomba ni ya kiwandani, hakuna hata njia ya oili ya kwenda kwenye turbo. Gari hili halijawahi kupuliziwa tangu litoke Japani."

"Kwa hiyo hili haliwezi kupiga mluzi wala chafya."

"Labda dereva wake awe na mafua."

Hakuna aliyecheka, hata yeye aliyesema. Kwenye kona ya gereji, juu ya karatasi nyeusi, lilikuwa limelazwa fagio la marehemu, mpini umevunjika katikati.

Bi Spana akapiga magoti mbele ya bampa, akapitisha kidole kwenye tundu pana lililokuwa chini ya namba. "Kitu kimoja kinanichekesha. Tundu hili ni la kuingiza upepo kwenye kipoza hewa ya injini. Mwenye turbo analihitaji, maana hewa ikibanwa inapata moto. Huyu hana kipoza hewa. Na boneti hii ina pua juu, haipumulii kitu. Huu uso si wake."

"Ameuazima?"

"Afande, wapo tele. Gari halina turbo, lakini mwenyewe anataka wasichana wadhani linayo. Ananunua uso wa mkubwa anamvika mdogo. Hilo peke yake si kosa la jinai."

"Hapana. Bolti je?"

Bi Spana akawasha tochi. Bolti zote zilizoshika boneti na bampa zilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa, kama meno ya mtoto. Za milango zilikuwa na vumbi la miaka. Alizima tochi, akamtazama Inspekta kwa mara ya kwanza bila mzaha.

"Uso umefungwa wiki hii," alisema.

*

Jalada lilikuwa na maelezo ya shahidi mmoja tu, mfagiaji mwenzake na marehemu, aliyekuwa upande wa pili wa barabara nyuma ya pipa la taka. Askari wa zamu alikuwa ameandika mistari tisa. Mstari wa saba alikuwa ameukata kwa rula, vizuri kabisa, kama mtu anayefuta kosa la hesabu. Inspekta alikuwa ameiinua karatasi mbele ya dirisha jana yake, akausoma. Asubuhi hii alimtuma Koplo akamlete yule mama.

Alikuja na sare yake ya kazi. Koplo, dada mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, alimvutia kiti karibu na dirisha la ofisi linalotazama ua.

"Mama, pole sana."

"Nishapoa, mwanangu. Aliyepoa zaidi ni yule."

"Nieleze tena. Polepole. Mimi si mwepesi."

Mama akafunga mikono mapajani. "Lilitoka kule kwenye mzunguko. Kwanza lilikuja kimya, nikasema huyu mstaarabu. Halafu likaanza kulia kama birika likichemka. Nikainua kichwa. Nikasikia kishindo. Halafu likapiga chafya, likasimama mbele kidogo."

"Hiyo chafya ulimwambia yule askari?"

"Nilimwambia. Akaniambia, mama, magari hayapigi chafya, niambie rangi."

Koplo akainamia daftari lake.

"Dereva akashuka?"

"Akashuka. Kofia imemfunika uso. Akamwendea mwenzangu, akasimama juu yake. Mkononi ana funguo, anazigeuzageuza, nazisikia zinagongana. Na gari linanguruma pale nyuma yake."

"Hapo ndipo penyewe," Inspekta alisema. "Funguo mkononi na gari linanguruma."

"Yule askari alikasirika. Akasema gari linawashwa na funguo, ukizitoa linazimika, kwa hiyo nichague moja. Nikamwambia mimi sichagui, mimi nasema nilichokiona. Akasema nimechanganyikiwa na msiba." Akatazama nje dirishani. "Labda ni kweli. Kama nisingechanganyikiwa ningetoka nyuma ya pipa. Sikutoka, baba. Miguu ilikataa. Nilisali sala yangu yote, mwanzo hadi mwisho, ndipo akapanda akaondoka."

Inspekta hakumwambia kwamba asingeweza kufanya kitu. Hakuwa na uhakika, na hakupenda kugawa maneno asiyokuwa na uhakika nayo.

"Hukuchanganyikiwa, mama," alisema. "Kaa hapo hapo dirishani. Nitakuhitaji tena."

Nje ukumbini Koplo alimfuata. "Afande, labda zilikuwa funguo za nyumba. Za gari kaziacha mlemle."

"Labda. Twende tukamuulize mwenye funguo."

*

Seremala alikuwa ameketi sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, vidole vimejaa makovu madogo ya msumeno. Alisimama walipoingia. Alikuwa na adabu yule kijana, ya nyumbani kabisa, ile inayofundishwa kwa jicho bila maneno.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Jumatatu, ulipomgonga, ulifanya nini?"

"Nilishuka nikamtazama. Nikaogopa. Nikakimbia."

"Gari ulilizima?"

"Nililizima, nikashuka."

"Shahidi anasema lilikuwa linanguruma."

Kijana akapepesa macho. "Basi sikulizima. Niliacha linanguruma."

"Funguo zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa... kwenye gari, palepale pake."

"Shahidi aliziona mkononi mwako."

"Basi zilikuwa mkononi."

"Na gari linanguruma?"

Mbali kidogo, mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Afande, mimi nimeshakiri," Seremala alisema hatimaye. "Unataka nini tena? Wenzako wote wamefurahi."

"Ule uso wa gari lako, wenye tundu na pua, uliupata wapi?"

"Niliununua. Napenda tu."

"Lini?"

"Zamani. Mwaka jana."

"Sawa. Nimeambiwa kaka yako naye ana gari kama lako. Bluu ile ile."

"Alininunulia langu baada ya kununua lake. Alisema tufanane." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetereka. "Baba alipokufa nilikuwa na miaka sita. Yeye ndiye aliyenifunga kamba za viatu."

"Lake lina turbo."

"Lina."

"Lako halina."

"Yeye ni kaka, mimi ni mdogo."

Inspekta akakaa sakafuni karibu naye, kwa taratibu, goti moja kisha jingine. "Nani alikuja kuzungumza na wewe Jumatatu? Yeye, au mama?"

Seremala akatazama makovu ya vidole vyake. Koplo akafungua mdomo, na Inspekta akamnyamazisha kwa kiganja.

"Mama alisema kaka ana watoto wanne na wa tano yuko njiani," kijana alisema. "Mimi sina hata mchumba. Akasema, wewe ukienda miaka kumi utarudi bado kijana. Hakusema vibaya. Alikuwa analia." Akainua kichwa. "Lakini sijasema ni yeye. Sijasema, afande. Andika kwamba sijasema."

"Nitaandika."

"Wazee walisema ndugu ni kufaana, si kufanana."

"Nyinyi mmefanya yote mawili," Inspekta alisema, akanyoosha mkono Koplo amsaidie kuinuka.

*

Kaka mtu alikuwa mwalimu wa udereva, na nusu ya madereva wa mji ule walikuwa wamejifunza breki kwake. Hata Koplo alijifunza kwake. Walimwita Mwalimu na hakuna aliyekumbuka kumwita jina jingine. Inspekta alimpigia simu, akamwomba alete nguo safi za mdogo wake za kuvaa mahakamani, na aje na gari lake ili fundi alilinganishe na la Seremala, mambo ya kawaida tu ya kukamilisha jalada. Mwalimu akasema anakuja. Angekataa kwa sababu gani?

Saa nne na nusu gari la bluu liliingia uani. Bi Spana alikuwa amesimama dirishani pamoja na Inspekta, anafuta mikono kwa kitambaa. Yule mama mfagiaji alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

Lilipogeuka kuegesha, sehemu ya mbele ikawaelekea. Bi Spana akaacha kufuta mikono.

"Hebu ona," alisema kwa sauti ya chini. "Bampa halina tundu. Boneti haina pua. Huo ndio uso wa asili wa lile lililo kwangu kule gereji."

"Umesema vijana hubadilisha."

"Mdogo huvaa uso wa mkubwa, hilo ndilo nililosema. Mwenye turbo avae uso wa asiye nayo? Aizibe pua injini inayopata moto kuliko nyingine zote? Nina miaka ishirini na tano chini ya magari, afande, sijamwona. Hilo halifanywi kwa mapenzi. Linafanywa kwa shida."

Mlango wa gari ukafunguka. Mwalimu alishuka, mtu mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi, mfuko wa nguo mkono mmoja. Akafunga mlango kwa nyonga. Akaanza kuvuka ua kuja mlangoni, na mkono wa pili, bila yeye kuutazama, ulikuwa unageuzageuza rundo la funguo.

Nyuma yake gari lilikuwa linanguruma. Halikuwa na mtu ndani.

Koplo alisogea dirishani, akalitazama kama mtu aliyeona maiti ikikohoa. "Inawezekanaje?"

"Taima," Bi Spana alinong'ona. "Turbo ikitoka kukimbia inakuwa nyekundu kwa moto. Ukizima ghafla, oili inaungua humo humo ndani, inakufa. Wanaojali wanafunga kidude: unatoa funguo unakwenda zako, injini inabaki inanguruma dakika mbili, ikishapoa inajizima. Baada ya mwezi mtu hata hakumbuki kwamba anacho. Mkono unatoa funguo wenyewe."

Kiti kilisogea. Mama mfagiaji alikuwa amesimama, kiganja kimoja kwenye kioo.

"Ndivyo," alisema. "Ndivyo lilivyonguruma."

Inspekta alitazama saa ya ukutani, kisha akaenda kumfungulia Mwalimu mlango.

"Karibu, Mwalimu."

"Asante, afande. Nimeleta nguo. Nimeleta na soksi, maana yule huwa anasahau soksi." Alikuwa na tabasamu la mtu aliyelipiga pasi pamoja na shati. Kisha macho yake yakafika kwa yule mama, kwenye sare yake, na tabasamu likabaki mahali pake likiwa halina kazi.

"Gari lako linanguruma," Inspekta alisema.

"Ah, hilo huwa..." Mwalimu akaanza, akakata. Alitazama funguo mkononi mwake. Alizitazama muda mrefu, kama kitu alichokabidhiwa na mtu asiyemjua. Vidole viliacha kuzigeuza.

Nje, injini iliendelea na mngurumo wake wa chini, sawasawa, bila haraka. Mtu mwenye sala angeweza kuisali yote. Yule mama alikuwa anaisali. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alipofika mwisho, akafumba mdomo, na baada ya pumzi chache gari likajizima lenyewe uani.

"Zile dakika," Inspekta alisema. Hakuinua sauti. "Ulipokuwa umesimama juu yake. Alikuwa anapumua?"

Mwalimu aliweka mfuko wa nguo juu ya meza, taratibu, kisha funguo juu ya mfuko. Shati lilikuwa limeanza kuloa kwapani.

"Mdogo wangu hajui," alisema. "Nilimwambia alikufa palepale. Mama pia nilimwambia hivyo. Nisingewaambia hivyo wasingekubali."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Nilikuwa nafundisha mtu asubuhi ile, saa moja. Nilikuwa nawahi." Akatazama sakafu. "Alikuwa anapumua. Alinishika suruali."

Mama mfagiaji akarudi kwenye kiti chake, akakaa kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, akajifunika uso kwa mtandio.

Koplo, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, alivuta karatasi mpya ya maelezo. Akaandika tarehe. Hakuacha kuandika.

Inspekta alichukua ule mfuko wa nguo kutoka chini ya funguo, akatoka nao ukumbini kuelekea mahabusu. Njiani alisimama, akapapasa ndani mpaka akahakikisha. Soksi zilikuwamo, jozi moja, zimekunjwa pamoja kwa namna ambayo mtu mzima humkunjia mtoto.